Piza ya Embe Tuliyoipika Kichuguuni

Osheni mikono kwanza, halafu mkae. Juzi nilipita jikoni mnakopikia piza pale Kambarage, kwenye mgahawa wa mjukuu wangu Neema, nikamkuta mmoja wenu anapigana na kopo la nanasi kwa kisu cha nyama, huku nje ya dirisha maembe yanadondoka mpaka mbuzi wameyachoka. Nilinyamaza, maana nikifungua mdomo mnasema, "Babu, achana nayo, piza ni chakula cha kisasa." Cha kisasa! Mimi nimepika piza Geita kabla baba zenu hawajaota meno, tena nimeipika ndani ya kichuguu.

Nilizaliwa kwa wafugaji, nyuma ya Mhunze, nikaenda Geita kutafuta dhahabu kama vijana wengine. Chini ya ardhi nilidumu siku nne. Ya tano nikamwambia nyapara kwamba mimi na giza hatuelewani. Akacheka, akanipeleka kwenye mesi walikokula wazungu wa mgodi, akasema, "Huku mwanga upo, ila kuna viazi." Hakuwa anatania. Viazi vya kuchemsha Jumatatu, viazi vya kuchemsha Ijumaa. Nilivichemsha miaka mitano, nikapanda mpaka nikawa mpishi mkuu, nikiwa na mke na watoto mapacha, Kulwa na Doto.

Kati ya waliokula pale alikuwapo Mtaliano mmoja, Bwana Renzo, fundi mwashi. Alitekwa vitani kule Uhabeshi, akakaa kambi ya wafungwa, na vita vilipoisha hakurudi kwao. Mgodi ulihitaji mtu wa kujenga, naye alihitaji mahali pa kuwa. Kiswahili chake alikiokota kambini na juu ya kuta; kilikuwa kinachechemea, lakini kilifika. Alikuwa akivitazama viazi vyangu kwa huzuni, kama mtu anayemtazama ndugu yake amefungwa.

Asubuhi moja akaingia jikoni na barua.

"Luhende. Mke yangu kuja."

Nilikuwa nikidhani hajaoa. "Kumbe Bwana ana mke?"

"Pia. Jina yake Pia. Mimi kuoa, miezi miwili, halafu vita. Miaka kumi na mbili mimi hapana ona yeye."

Akanifasiria barua ile kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno. Mkewe alikuwa anakuja kwa meli, na tiketi ya kurudi alikuwa nayo tayari. Angekaa majuma matatu. Akiona panakalika, atabaki. Akiona hapakaliki, atageuka na meli ileile, na ndoa yao itakuwa imekwisha.

"Yeye kuandika neno moja tu: nitatazama," akasema Bwana Renzo. Mtu huyu aliyekuwa akibeba mfuko wa saruji kwa mkono mmoja alikuwa ameishika barua ile kwa mikono miwili. "Wewe fanya piza. Pia kula piza, Pia kujua hapa nyumbani."

"Piza ndiyo nini, Bwana?"

Akanyunyiza unga mezani, akachora duara kwa kidole, na ndani yake viduara vidogo. Hii nyanya, hii jibini. Moto mkali sana. Basi.

Nikamwambia, "Hiyo ni chapati iliyomwagikiwa mboga." Akashika moyo kama mtu aliyepigwa risasi.

Tulikuwa na wiki sita. Tulianza na tanuri, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipozaliwa. Matofali mazuri yalikuwa mali ya mgodi, kwa hiyo nikajitia ujuzi: nikaleta mawe ya mtoni, laini, mviringo, mazuri kama mayai. Bwana Renzo aliyatilia shaka, lakini nilikuwa nimeshayabeba na sikutaka kuyarudisha. Tukajenga siku mbili. Siku ya tatu tukawasha moto, tukasimama kando na mikono kiunoni tukijisifu. Haikupita robo saa: pu! Kisha pu-pu-pu! Jiwe la mtoni hunywa maji miaka na miaka bila kusema. Ukilipasha moto, linasema yote kwa mkupuo. Vipande viliruka juu ya mapaa ya bati. Wachimbaji waliokuwa wakitoka zamu walilala kifudifudi, na mlinzi wa ghala la baruti alitoka mbio kuelekea Mwanza, na nasikia alisimama alipofika ziwani tu. Bwana Renzo nilimkuta chini ya toroli, hana nyusi hata moja, anacheka mpaka machozi.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amesimama nyuma yetu na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kichwani. Hakukitua.

"Mmemaliza kugombana na mto?" akauliza. "Kuna kichuguu nyuma ya nyumba yetu. Kimekufa tangu mwaka juzi. Wahunzi wa huku huyeyushia chuma kwenye udongo wa kichuguu, ninyi mnashindwa kuokea mkate?"

Bwana Renzo alipoelewa alimwinamia kama anayemwamkia malkia. Sasa shikeni hili, huenda likawafaa siku gesi ikikatika. Kichuguu ukigonge kwa mpini wa jembe. Kikiitika kama debe tupu, ni chako. Mchwa wakitoka, waombe radhi, uondoke. Toboa mlango upande usioelekea upepo, uwe chini ya nusu ya kimo cha ndani, ili joto lizunguke juu lisipate njia ya kukimbilia. Washa kuni kavu za mgunga saa mbili nzima, na msithubutu kutia mnyaa, moshi wake unapofua macho. Kisha fagia makaa pembeni, tupia unga kidogo sakafuni na uanze kuhesabu. Unga ukigeuka rangi ya kahawia hesabu ikifika kumi, ingiza piza. Ukiwa mweusi kabla ya tano, nenda nje kapige soga kwanza.

Unga uliniletea aibu nyingine. Hamira ya kopo iliyokuwa mesini ilikuwa imekufa, hata ungeiimbia isingeamka. Nikachukua povu la pombe ya mtama, kama mama yangu alivyofanya kwa maandazi. Lakini sikuijua nguvu yake kwenye ngano. Nikakanda Jumapili, nikafunika sufuria kwenye stoo ya bati, nikaenda kanisani. Padri siku hiyo alihubiri ndefu. Niliporudi, mfuniko ulikuwa sakafuni, unga umetoka, umepanda rafu, umeimeza kofia ya Bwana Renzo iliyokuwa imewekwa pale. Tuliichimbua pamoja. Aliivaa hivyohivyo kutwa nzima, akisema huo ndio unga hai.

Jibini sasa. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

Pale sokoni palikuwa na duka la Mhindi mmoja, na mkewe, Mama Kanti, alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi kuliko mpishi yeyote niliyewahi kumjua. Nilimwendea na ndoo ya maziwa.

"Shikamoo, Mama Kanti."

"Marahaba, Baba Kulwa. Mbona umebeba ndoo kama unaenda kuposa?"

Nikamweleza. Akanikalisha kwenye kigoda, akachemsha maziwa, akakamulia ndimu huku akikoroga taratibu, mpaka yakakatika yakawa mabonge meupe na maji ya kijani. Akachuja kwa kitambaa, akakandamiza kwa jiwe. Ilikuwa tamu, laini, harufu yake kama asubuhi. Nilikimbia nayo mpaka mesi. Tukaiweka juu ya piza, tukaingiza kichuguuni. Ikatoka vilevile ilivyoingia, vipande vyake vimekaa wima kama kuku kwenye mvua.

"Hii hapana vutika!" Bwana Renzo akalia, akiivuta. "Jibini ya piza iko na kamba!"

Nikauliza kamba hiyo inatoka wapi. Hakujua. Alikuwa fundi wa kuta. Alichokumbuka ni shangazi yake tu, aliyekuwa akitengeneza jibini kijijini. "Mikono yake siku zote nyekundu. Maji moto, moto sana." Basi, hilo tu.

Lakini mimi ni mtoto wa mfugaji. Nikakumbuka kwamba mwanambuzi anayenyonya akichinjwa, maziwa yaliyo tumboni mwake hukutwa yameganda yenyewe, bila ndimu. Nikapata tumbo la namna hiyo kwa mchinjaji, nikaliosha, nikalikausha, nikaloweka kipande kwenye maji ya chumvi, nikatia matone machache kwenye maziwa ya vuguvugu. Yakaganda kama kioo! Nikayakatakata, nikayaacha ndani ya maji yake yachachuke. Kila baada ya muda nilichukua kipande nikakitia kwenye maji ya moto na kukivuta. Kilikatika. Nikasubiri. Kilikatika tena. Mara ya sita nikavuta, kikaja. Nikavuta tena, kikaja tena! Nilitoka nje nikivuta, nikamkabidhi Mama Kulwa ncha moja, tukarudi kinyumenyume kila mtu upande wake, kamba nyeupe katikati, mapacha wanapita chini yake wakishangilia. Mikono yangu ilibabuka wiki nzima, nami niliionyesha kwa watu kama nishani.

Nilimpelekea Mama Kanti habari. Alinisikiliza mpaka nilipotaja tumbo la mwanambuzi. Akanyanyua kiganja.

"Nimefurahi kwa ajili yako, Baba Kulwa, kweli nimefurahi. Lakini nyumbani kwetu hatuli mnyama; sufuria hiyo isivuke kizingiti changu."

"Haitavuka, Mama."

Tukacheka sote wawili, na urafiki wetu ukabaki palepale.

Basi tanuri tayari, unga tayari, jibini tayari. Nyanya zilikuwa bustanini nyuma ya mesi, nyekundu, zinanisubiri. Ndipo mvua ikafungua mlango. Siku nane bila kupumua. Nyanya zote zikashikwa na ukungu, zikaoza kwenye miti. Barabara ikageuka uji, maduka yakabaki na chumvi na viberiti. Bwana Renzo alikuwa ameshaondoka kwenda Mwanza kumpokea mkewe, na alikuwa ameniambia watafika Jumamosi. Nikajipa moyo: Jumamosi bado mbali, nitatuma mtu hata Sengerema atafute nyanya.

Alhamisi saa tano asubuhi, mtu akapiga kelele kutoka barabarani: "Mtaliano kaja na mkewe!"

Niliangusha bakuli. Unga nilikuwa nao, jibini niliikanda alfajiri ili kujaribu tu. Nyanya, hata moja. Nilikimbia nyumbani.

"Mama Kulwa, nimekwisha! Wamefika, na nyanya sina!"

Alikuwa anamenya maembe. Uani kwetu maembe yalikuwa yamejaa mpaka hapana pa kukanyaga. "Weka embe," akasema.

"Embe juu ya jibini?"

"Si tunakula embe na maziwa mgando kila mwaka? Alikufa nani?"

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikakata lile lililoiva kupita kiasi, nikatandaza, nikaingiza kichuguuni kwa majaribio. Likatoka ziwa. Unaweza kuvulia samaki. Mama Kulwa akanisukuma kando. Akachagua maembe yaliyokomaa lakini bado yanakataa ukiyabonyeza, akayakata vipande vyembamba kama kadi, akanyunyizia chumvi, akayaacha yatoe machozi, kisha akavifuta kipande kimoja kimoja kwa kitambaa. Hiyo ndiyo siri yote ya tunda kwenye piza, vijana: tunda lilie kabla, lisilie tanurini. Mimi nikapaka samli juu ya unga, nikapanga embe, nikafunika kwa jibini, nikapondea pilipili kichaa moja. Dakika tatu. Ikatoka imejaa malengelenge, kingo nyeusi kidogo, ya manjano kama jua la saa mbili.

Nikaibeba juu ya ubao mpaka barazani kwa Bwana Renzo.

Walikuwa wamekaa viti viwili, katikati pengo la kupita ng'ombe. Mama Pia alikuwa mwanamke mfupi, gauni jeusi, kofia kichwani, glavu mikononi, mkoba magotini kama aliye stesheni. Bwana Renzo alijaribu kusema naye, na maneno ya kwao yakamtoka yamechanganyika na Kiswahili. Akajisikia mwenyewe, akayakatiza katikati. Miaka kumi na mbili ilikuwa imekaa kwenye lile pengo, na hakuna aliyejua namna ya kuiamsha iondoke.

Bwana Renzo akaiona piza. Rangi ikamtoka usoni.

"Luhende," akanong'ona. "Hii nini? Nyekundu wapi? Umeniua."

Mama Pia akauliza jambo kwa lugha yao, akinyooshea kidole. Nilielewa bila mkalimani.

"Embe, Mama."

"Embe?"

"Embe."

Akavua glavu moja. Moja tu. Akachukua kipande, akakitazama kama anayekagua fedha bandia, akauma. Kisha akakishusha kipande, na jibini ikabaki mdomoni mwake ikimfuata. Akanyanyua mkono juu, ikavutika. Akaunyoosha mkono mbele mpaka mwisho, ikavutika. Akasimama, akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akagonga nguzo ya baraza, kamba haijakatika, naye macho yamemtoka! Bwana Renzo akainuka kumsaidia, akaishika kamba katikati, ikamnata vidoleni, ikanata kwenye masharubu. Sasa walikuwa wamefungwa pamoja kwa jibini ya Geita, hakuna anayeweza kusogea bila mwenzake.

Kwanza akacheka yeye, Mama Pia. Kicheko kilianza puani, kikashuka tumboni, kofia ikaanguka, na nywele zake zilikuwa na mvi nyingi. Bwana Renzo alipoziona zile mvi akaacha kucheka, akaanza kulia, na mkewe akamfuta uso kwa ile glavu iliyobaki, huku bado anacheka. Mimi niligeuka nikatazama kuku.

Halafu Mama Pia akaendelea kuila piza, akafika katikati, akakunja uso. Akasema maneno makali.

"Anasema katikati nene," Bwana Renzo akatafsiri kwa furaha kuu. "Anasema nani fundisha wewe, mwashi?"

Mama Pia alikuwa ameshashuka ngazi, anaelekea lilikotoka harufu. Pale kichuguuni alikunja mikono ya gauni lile jeusi, akanipiga kofi mkononi nilipotaka kutumia chupa kusukumia unga, na akautandaza kwa ncha za vidole, kutoka katikati kwenda nje, akiuzungusha. Mimi hadi leo sitandazi kwa njia nyingine. Tulipika saba mchana ule: za embe, za papai bichi kidogo, na moja ya zambarau iliyotupaka meno wote rangi ya zambarau. Wachimbaji walikuja kuonja, wakaiita mkate uliokanyagwa. Mama Kulwa alisema Kisukuma, Mama Pia alisema Kitaliano, na jioni walikuwa wakisemezana kama waliochota maji kisima kimoja.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Tiketi bado ilikuwapo. Majuma yale matatu Bwana Renzo hakuthubutu kumuuliza. Alikonda. Alijenga ukuta mmoja mara mbili.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka, Mama Pia alikuja jikoni peke yake. Kiswahili alikuwa amekiokota haraka kuliko mumewe.

"Luhende, embe inakwisha lini?"

"Mwezi wa pili, Mama."

"Baada ya embe, nini?"

"Mapera, Mama. Mapera mengi."

Akakunja kidole kimoja. "Baada ya mapera?"

Hapo nikaelewa: alikuwa anahesabu kama mwaka mzima una matunda ya kumbakiza. Nikamwambia machungwa. Akakunja kidole. Nikamwambia papai halina msimu, liko siku zote. Akakunja. Nikataja furu za porini na ukwaju, akavikunjia kidole kimoja. Akasubiri, kidole kimoja bado kimebaki. Matunda yalikuwa yamenikimbia kichwani. Nikainamisha macho, nikasema, "Na mwezi wa sita, zabibu."

Geita, zabibu! Sijawahi kuliona shina la mzabibu huko mpaka siku ya leo.

"Zabibu," akasema. Akakunja kidole cha mwisho, akatazama ngumi yake, akatoka.

Jioni ile aliipeleka tiketi kwa mumewe aliyekuwa juu ya jukwaa la ujenzi, akamwambia aipeleke mwenyewe ofisini irudishwe. Bwana Renzo alishuka bila kutumia ngazi. Alitegua kifundo cha mguu, akachechemea akiimba mgodi mzima.

Wakaishi. Miezi ikaenda, maembe yakaisha, mapera yakaja. Na mwezi wa sita, siku ya kwanza kabisa, naona Mama Pia anaingia jikoni na kikapu kitupu mkononi, tumbo lake limetangulia mbele, mimba ya miezi mitano.

"Luhende. Zabibu."

Nikaweka mwiko chini.

"Mama, nisamehe. Nilidanganya."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Mtu mkweli hatazami vidole vya miguu akisema zabibu."

Akanitupia kikapu. "Leta machungwa. Na kuni. Mtoto ana njaa."